Kilimia na Kitabu cha Nyota: Uhakiki wa Maneno ya Kutabiri Mvua, kwa Kuiangalia Kaliua

Methali isemayo "Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua" imo katika mikusanyo mingi ya methali za Kiswahili, na kwa kawaida hufuatwa na maelezo ya mstari mmoja kwamba Kilimia ni kundi la nyota na kwamba wazee walijua majira kwa kulitazama. Kisha mkusanyaji huendelea na methali nyingine. Ni nadra mtu kuuliza ni kuzama kupi kunakosemwa, ni kuzuka kupi, na msemaji wa maneno hayo amesimama wapi. Kwa msomaji wa mjini maswali hayo ni ya kamusi tu. Kwa mkulima wa tumbaku wa Kaliua, aliyechukua mbolea kwa mkopo kupitia chama chake cha msingi, na ambaye miche yake imekwisha kukua kitaluni ikingoja mvua ya kwanza ya kweli, ni maswali ya mali na deni.

Kaliua iko magharibi ya Tabora, kwenye reli ya kati, mahali linapoanzia tawi la reli liendalo Mpanda. Ni nchi ya miombo, ya asali na ya tumbaku. Kabla ya reli kufika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, pande hizi zilipitwa na misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Ujiji. Na Ulyankulu, ambayo jina lake haliachani na jina la Mtemi Mirambo, aliyekufa mwaka 1884, sasa imo katika wilaya hii. Wapagazi wa Kinyamwezi waliobeba pembe na vitambaa katika njia hiyo walikuwa wakulima vilevile. Wengi walishuka pwani wakati wa kiangazi, baada ya mavuno, na walitaka kuwa wamekwisha kurudi kwao kabla ya mvua za kwanza. Msafara uliochelewa ulilipa kwa afya: Burton na Speke waliondoka Kazeh, yaani Tabora, Desemba 1857, mvua zikinyesha, wakafika Ziwa Tanganyika Februari 1858 wakiwa wagonjwa wote wawili. Mtu mwenye maisha ya namna hiyo ana haja ya kalenda ya jua. Miezi ya Kiislamu waliyoitumia wafanya biashara wa pwani haikumfaa kwa kazi hiyo, kwa kuwa hufuata mwandamo, na kila mwaka hurudi nyuma siku kumi au kumi na moja. Ramadhani huweza kuangukia mavuno katika ujana wa mtu na kupanda katika utu uzima wake. Kilimia hakirudi nyuma. Jina lenyewe latokana na kulima, na si kwa Waswahili peke yao: Waxhosa huliita kundi hilo isiLimela, na Wasotho selemela, shina likiwa lilelile. Watu walioliita hivyo hawakuwa wakipiga ramli. Walikuwa wakihesabu siku za jembe.

Yafaa kueleza kwanza mwendo wa nyota hizo, maana mikusanyo ya methali huupita kimya. Karibu na tarehe 20 Mei jua hupita upande wa Kilimia, nacho hakionekani. Tangu mwanzo wa Mei hivi, mtu atazamaye magharibi baada ya magharibi hukikosa, kimezama pamoja na mwanga wa jua. Katika siku za mwanzo wa Juni huanza kuonekana tena, safari hii mashariki, alfajiri, muda mfupi kabla ya mapambazuko. Hapo pana kuzama kumoja na kuzuka kumoja, na kati yake mwezi mmoja na zaidi wa kufichika. Walakini mwaka una kuzuka kwingine. Katikati ya Novemba, jua linapotua magharibi, Kilimia huchomoza mashariki, na hukaa angani usiku kucha. Basi kitenzi "kuzuka" katika methali kina maana mbili zilizoachana kwa miezi mitano, alfajiri ya Juni na jioni ya Novemba, na maneno yenyewe hayasemi ni ipi.

Kwa mtu wa pwani jambo hili halina utata mkubwa. Masika ya Unguja na Mombasa huwa ya nguvu Aprili na Mei, kisha hufuata kipupwe, wakati wa baridi kidogo na mvua chache. Kilimia huzama kwa mvua, huzuka kwa jua: nusu ya pili ya methali ndiyo hali ya kila mwaka mwema, na kuzuka kunakosemwa hakuna budi kuwa kwa alfajiri ya Juni, kwa sababu jioni ya Novemba pwani huwa katika vuli, si katika jua. Nusu ya kwanza ndiyo yenye uthubutu. Yasema kwamba Mei ikipita kavu, Juni itanyesha. Yaani masika yaliyochelewa bado yaja. Hilo ni bashiri, na laweza kupimwa kwa daftari za mvua kama bashiri yoyote. Viambishi vyenyewe vyaonyesha tofauti hiyo. Ki- ya "kikizama" huweka sharti, hu- ya "huzuka" hutaja mazoea. Msemaji anajifunga kwa sharti analoweza kuliona kwa macho yake, na anadai mazoea tu, hadai ahadi. Ni sentensi ya mtu mwangalifu.

Sasa methali hiyo na ipande bara, kama Kiswahili chenyewe kilivyopanda kwa miguu ya wapagazi. Kaliua haina vuli na masika mbali mbali. Ina mvua moja ndefu, inayoanza Novemba hivi na kwisha Aprili au mwanzo wa Mei, na wengi huiita yote masika. Baada yake ni kiangazi kitupu. Juni ya huko ni kavu mwaka baada ya mwaka. Kwa hiyo nusu ya kwanza, ikisomwa kwa kuzuka kwa Juni, ni uongo usio na udhuru: Kilimia huzama kwa jua miaka mingi, na mvua ya Juni haiji. Methali ikitakiwa isimame huko, lazima isomwe kwa kuzuka kwa Novemba. Hapo yasimama vizuri ajabu. Kilimia kimezama katika kiangazi kinachoanza, kimezuka jioni katika mvua zinazoanza. Na iwe hivyo mwaka huu na mwaka ujao na mwaka wa vitukuu. Lakini kwa kusimama hivyo imeacha kuwa bashiri na imekuwa kalenda. Haisemi tena lolote juu ya mwaka huu peke yake.

Ubaya uko katika nusu ya pili. Mtu akiisha kujizoeza kusoma "huzuka" kwa Novemba, ataisoma hivyo pote. Mwaka ambao mvua zimeendelea hadi Mei, Kilimia kimezama kwa mvua. Basi, kwa methali, kitazuka kwa jua, yaani Novemba itakuwa kavu. Sentensi iliyosema pwani jambo la kawaida kabisa, kwamba masika hufuatwa na kipupwe, Kaliua inatangaza kuchelewa kwa mvua miezi sita kabla. Hakuna mzee wa pwani aliyedai hayo. Mkulima anayeamini hivyo atachelewesha vitalu vyake, na mvua ikija kwa wakati wake atakuwa na ardhi tayari na miche mifupi kama kidole. Hatari hiyo haitokani na ujinga wa mtu yeyote. Imetoka katika neno moja lenye maana mbili, lililosafirishwa bila maelezo kutoka nchi yenye mvua mbili mpaka nchi yenye mvua moja.

Vitabu vya falaki ni jambo jingine, ingawa watu huvitaja pamoja na Kilimia kana kwamba vyote ni "elimu ya nyota ya wazee". Mnajimu wa kitabu hana haja ya kutoka nje. Huhesabu herufi za jina la mtu na la mama yake kwa abjadi, hutoa kumi na mbili kumi na mbili, na kilichobaki ndicho burji ya mtu huyo. Jina la Abu Maashari, mnajimu wa Baghdad aliyekufa mwaka 886, lingali likitajwa na waganga wa Afrika ya Mashariki kama sahihi ya mwenye elimu hiyo. Kwa mvua za mwaka mzima zimo hesabu nyingine, hasa zile za vitabu vya malhama vinavyonasibishwa na Nabii Danieli: hutazamwa mwaka umeanza siku gani ya juma. Ukianza Jumapili, mvua huwa namna hii na nafaka namna hii. Ukianza Jumatatu, namna nyingine. Mpaka siku saba zimalizike. Desturi hii iliungana pwani na hesabu ya Nairuzi, mwaka wa jua wa siku 365 unaogawanywa kwa miongo ya siku kumi kumi, na ambao watu wa Makunduchi wanauadhimisha hata leo kwa Mwaka Kogwa. Mabaharia na wakulima waliutumia mwongo kujua pepo na kupanda, na kwa kazi hiyo ulikuwa chombo kizuri. (Mwongo huu ni wa miongo, si wa waongo, mzaha juu ya maneno hayo mawili ni mkongwe, na wanajimu wameuzoea.)

Kitabu cha malhama chaweza kuhakikiwa kwa hesabu ya shule ya msingi. Siku 365 ni majuma hamsini na mawili na siku moja. Kwa hiyo kila mwaka wa Nairuzi huanza siku moja mbele ya uliotangulia, na baada ya miaka saba hurudi palepale. Kama siku ya kuanza ndiyo inayotawala mvua, mvua za Afrika ya Mashariki zingerudi zilezile kila mwaka wa saba. Miaka mitatu yakumbukwa kwa mvua kubwa kupita kiasi tangu Oktoba mpaka Desemba: 1961, ambayo iliinua Ziwa Viktoria zaidi ya mita moja katika miaka michache iliyofuata, 1997 na 2019. Kutoka wa kwanza hadi wa pili ni miaka 36, na kutoka wa pili hadi wa tatu ni miaka 22. Hakuna kati ya hizo inayogawanyika kwa saba. Kinachochekesha ni kwamba zote mbili zabakiza moja, hata miaka hiyo mitatu, kwa hesabu ya siku 365, ingeanza kwa siku tatu zinazofuatana za juma. Mnajimu mwenye akili angelitia jambo hilo katika kitabu chake kesho. Mhakiki aliona na aliache, kwa maana kati ya mafungu mengi ya tarakimu hakosekani fungu linalofanana na kanuni.

Ulaya nayo iliwahi kujifunza kwa aibu. Mwaka 1499 Johannes Stöffler, pamoja na Jakob Pflaum, alichapisha almanaka iliyoonyesha kwamba Februari 1524 sayari zingekutana katika burji ya Samaki. Nadharia ya makutano makubwa ilikuwa imefika huko kutoka kwa Abu Maashari huyohuyo, kwa tafsiri za Kilatini. Vijitabu vingi vilitabiri gharika. Gharika haikuja. Lakini kesi ya Kepler ndiyo inayofundisha zaidi, kwa sababu yeye alipatia. Katika kalenda yake ya mwaka 1595, alipokuwa mwalimu kijana huko Graz, alibashiri baridi kali, ghasia za wakulima na mashambulizi ya Waturuki. Vyote vikatokea, na sifa yake ikapanda. Aliyepatia mara moja katika mambo matatu hukumbukwa. Wale waliokosa mwaka huohuo hakuna awajuaye. Unajimu huishi kwa kumbukumbu za namna hiyo. Hata marehemu Sheikh Yahya Hussein, aliyefariki mwaka 2011 na ambaye kwa miaka mingi aliufanya unajimu kuwa jambo la magazeti na televisheni Tanzania, hukumbukwa na wapenzi wake kwa aliyoyapatia, na kwa wapinzani wake kwa aliyoyakosa. Orodha kamili haitafutwi na upande wowote.

Isidhaniwe kwamba shaka juu ya nyota za mvua ililetwa na elimu ya Kizungu. Waarabu wa kale walikuwa na hesabu ya anwaa: vituo ishirini na vinane vya mwezi, kila kimoja kikishika siku kumi na tatu hivi, na mvua ikinasibishwa na kituo kilichozama. Thurayya, ndiyo Kilimia, ilikuwa mojawapo mashuhuri. Katika hadithi iliyopokewa na Zaid bin Khalid, na kuthibitishwa na Bukhari na Muslim, Mtume aliswalisha asubuhi huko Hudaibiya baada ya usiku wa mvua, kisha akawatenga watu wasemao kwamba wamenyeshewa kwa fadhila za Mungu na watu wasemao kwamba wamenyeshewa kwa nyota fulani. Wanazuoni walioifafanua walifanya tofauti ambayo mhakiki wa lugha hawezi kuipuuza: kusema "tumenyeshewa katika wakati wa nyota fulani" si sawa na kusema "tumenyeshewa na nyota fulani". Tofauti nzima imo katika kihusishi. Na Ibn Khaldun, katika Mukadima yake ya mwaka 1377, aliuvunja unajimu kwa hoja ambazo hazihitaji darubini. Methali ya Kilimia, kwa bahati njema, iko upande salama wa mstari huo: yasema "kwa jua" na "kwa mvua", ikimaanisha wakati. Haisemi kwamba Kilimia chaleta.

Mpaka hapa yaweza kuonekana kwamba nyota hufaa kwa kalenda tu, na kwamba kila amtazamaye Kilimia ili kujua mwaka ujao anapoteza usingizi wake. Kuna ushahidi unaokataza kusema hivyo kwa wepesi. Katika nyanda za juu za Peru na Bolivia wakulima wa viazi huamka usiku, karibu na sikukuu ya Mtakatifu Yohana mwishoni mwa Juni, wakatazame Kilimia kilichozuka alfajiri. Kiking'aa na nyota zake zikionekana nyingi, hutarajia mvua njema. Kikiwa hafifu, huchelewesha kupanda. Mwaka 2000 Benjamin Orlove, John Chiang na Mark Cane walichapisha katika jarida la Nature uchunguzi ulioonyesha kwamba desturi hiyo ina ukweli ndani yake. Katika miaka ya El Niño mawingu membamba ya juu sana, yasiyoonekana kwa macho, huzidi Juni na kuufifisha mwanga wa nyota. Na miaka hiyohiyo mvua za huko huchelewa na kupungua miezi michache baadaye. Kumbe wakulima wale hawakuwa wakiitazama nyota. Walikuwa wakiitazama hewa, na nyota ilikuwa taa iliyowekwa nyuma yake.

Hapo ndipo mpaka wa kweli unapopita, na si kati ya "jadi" na "sayansi" kama inavyoandikwa mara nyingi mno. Upande mmoja yuko mtu anayetoka nje akaona kitu kinachoweza kuwa hivi au vinginevyo: Kilimia kiko hafifu au kinang'aa, Mei ni kavu au ina maji. Upande wa pili yuko mtu ambaye jibu lake limekwisha kuandikwa kabla hajafungua dirisha, kwa sababu siku za juma na makutano ya sayari huhesabika miaka mia mbele. Kitu ambacho hakiwezi kubadilika kwa mwaka mmoja hakiwezi kueleza mabadiliko ya mwaka huo. Wazee waliosema "dalili ya mvua ni mawingu" walikuwa wa upande wa kwanza, ingawa dalili yao haikufika mbali. Wahenga wa mvua wa ukoo wa Nganyi, magharibi ya Kenya, wenye sifa ya kutazama miti, wadudu na ndege, ni wa upande huo pia. Wala si ajabu kwamba wataalamu wa hali ya hewa wa Kenya walikubali kukaa nao na kulinganisha maneno. Wala haifai kuchukua desturi ya Andes na kuipanda Kaliua kama mbegu. Juni ya Kaliua ni mwanzo wa moto wa misitu, na anga likififia huko huenda sababu ni moshi wa jirani anayechoma nyasi, si El Niño.

Kilichobaki ni kuitazama taarifa ya serikali, maana nayo ni maandishi, na maandishi huhakikiwa. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, iliyoanza kama wakala mwaka 1999 na kupewa cheo cha mamlaka kwa sheria ya mwaka 2019, hutoa kila mwaka mwelekeo wa mvua za "msimu" kwa mikoa yenye mvua moja, Tabora ikiwamo, tangu Novemba hadi Aprili. Neno "msimu" limechaguliwa vizuri. Limetokana na neno la Kiarabu lililowapa pia mabaharia jina la pepo zao, na limewaepusha waandishi wasiiite mvua ya Kaliua vuli wala masika kwa maana ya pwani. Lakini neno "utabiri" ni mzigo. Asili yake ni taabiri, kufasiri, na hasa kufasiri ndoto. Nahodha FitzRoy alipoanza kuchapisha habari za hali ya hewa ijayo katika gazeti la The Times mwaka 1861, alichagua kwa makusudi neno lisilochanganyika na unabii, kwa kuwa alijua wasomaji wangemhukumu kama nabii. Kiswahili hakikufanya uchaguzi huo. Mnajimu hutabiri na mtaalamu wa hali ya hewa hutabiri, na msikilizaji wa redio huwapima kwa kipimo kimoja: amepatia, amekosa.

Uzito zaidi uko katika neno "wastani". Jukwaa la tabianchi la Pembe ya Afrika, lililoanza mwaka 1998 na ambalo huzikutanisha idara za hali ya hewa za nchi hizi, huipanga miaka iliyopita kwa kiasi cha mvua, kisha huigawa mafungu matatu yaliyo sawa: ya mvua nyingi, ya kati na ya chache. Bashiri yake ni mgawo wa uwezekano katika mafungu hayo. Ikisemwa kwamba mvua "wastani hadi chini ya wastani" zinatarajiwa, maana yake ni kwamba fungu la mvua nyingi limepungukiwa na uwezekano, wala halikufutwa. Mkulima husikia kiasi. Husikia kwamba mvua itakuwa ndogo kidogo, akapima shamba kwa neno hilo. Mvua ikifurika, atasema wametabiri uongo, na jirani yake mwenye kijitabu cha nyota atakuwa na mteja mpya. Kwa lugha, taarifa hii ni duni kuliko methali ya Kilimia, ijapokuwa kwa elimu ni bora mara nyingi. Methali yaonyesha sharti lake wazi, "kikizama". Taarifa imelificha sharti lake ndani ya nomino moja. Ingewezekana kuandika kwa Kiswahili cha kila siku kwamba katika miaka kumi inayofanana na huu, minne imekuwa na mvua chache, minne ya kadiri na miwili nyingi, tarakimu zikiwa zile za mwaka wenyewe. Mnyamwezi anayecheza bao haoni taabu katika hesabu hiyo.

Na lipo jambo ambalo taarifa hukumbana nalo na methali haikuligusa kamwe: mvua ya uongo ya Oktoba, inayonyesha siku mbili ikakatika wiki tatu. Hiyo ndiyo inayoua miche. Kwa mwenye tumbaku jumla ya mwaka haina thamani kama jibu la swali kwamba mvua hii iliyonyesha leo ni mwanzo au si mwanzo. Pande hizi zina kumbukumbu ya wataalamu walioanza kazi kabla ya kuijua mvua. Mpango wa Karanga wa Waingereza, ulioanza mwaka 1947 huko Kongwa na kuenea Urambo, jirani ya Kaliua, na Nachingwea, uliachwa mwaka 1951 baada ya kupoteza pauni zipatazo milioni 36. Makosa yake yalikuwa mengi, matrekta na udongo yakiwamo; lakini ukame wa Kongwa ulikuwa mmoja wapo, na hakuna mnajimu aliyehusika. Waliokosea walikuwa na ofisi na ramani.

Mkusanyaji atakayeichapa tena methali ya Kilimia atawafaa wasomaji wake akiandika pembeni jina la mahali iliposikika na mwezi iliposemwa. Ikiwa imesikika Lamu au Makunduchi mwezi wa Mei, kuzuka kwake ni kwa alfajiri ya Juni, na nusu ya kwanza ni bashiri inayongoja kupimwa. Ikiwa imesikika Kaliua, yaelekea msemaji alikuwa amesimama kando ya kitalu chake, jioni ya Novemba, akitazama mashariki mahali ambapo Kilimia kilipaswa kuwa, na wingu limekifunika.